Fundi Komeo na Mikia ya Maneno

Fundi Komeo alikuwa hamwamini mtu, na tusimwonee bure, sababu alikuwa nazo. Mtu aliyemaliza ujana wake akifungua milango ya watu waliofungiwa nje, huku anasikiliza visa vyao, atamwamini nani tena? Alishamfungulia mume aliyefungiwa na mkewe, akamfungulia mke aliyefungiwa na mumewe, na siku moja akamfungulia bwana mmoja nadhifu, mwenye tai na maneno laini, bwana akatoka na redio na godoro. Jioni wenye nyumba wakaja kibandani wanalia. Tangu hapo, ukimwita ukamwambia umepoteza ufunguo, kwanza anakuuliza pazia la chumbani kwako lina rangi gani. Ukisitasita, anafunga mkoba wake wa vyuma anaondoka zake.

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Komeo, na yeye jina hilo alilipenda. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na ngazi za jengo la ofisi, chembamba mno, mteja anasimama nje na fundi anakaa ndani kwa ubavu. Ukutani zilining'inia funguo ambazo hazijachongwa meno. Mezani palikuwa na jiriwa ya kubania chuma, tupa za kuchongea za kila namna, na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani, kwa sababu hata chai Fundi hakuiacha wazi. Nani ajuaye mtu atatia nini?

Lakini vituko vyenyewe vilikuwa nyumbani. Kila alipopata kitasa kizuri, kabla hajamfungia mteja, alikifunga kwanza mlangoni kwake. Akisikia wizi mtaa wa pili, anabadilisha silinda, ile roho ya kitasa inayopokea ufunguo. Akigombana na fundi mwenzake, anabadilisha silinda. Akiota ndoto mbaya tu, asubuhi unamkuta mlangoni na bisibisi. Ufunguo mpya anampa mkewe mkononi: huu hapa mama, ule wa zamani usiutumie. Majirani wakacheka wakachoka. "Mlango wa Komeo," walisema, "unabadilisha roho kuliko Komeo mwenyewe anavyobadilisha shati." Fundi anawatazama kwa jicho la pembeni, anajiuliza wanacheka nini hasa, na nani kawatuma.

Mkewe walimwita Mama Foronya. Alishona foronya na mashuka ya nyumba za wageni, akizifua na kuzianika uani kabla ya kuzipeleka, na alikuwa mwanamke wa kicheko kirefu. Ungemuuliza aliwezaje kuishi na mtu yule, angekwambia, "Mume wangu si mbaya, ana hofu tu. Na hofu ni ugonjwa, mgonjwa hakimbiwi." Kweli hakumkimbia.

Aliyekimbia ni kijana wao. Walikuwa naye mmoja tu. Baba alitaka arithi tupa na jiriwa; kijana akataka kwenda kupika kwenye meli za mizigo. Wakabishana wiki nzima mle ndani, sahani zikanuniwa, na siku ya kuondoka baba hakumpa mkono. Alimwambia, "Ukitoka, umetoka." Haya, kijana akatoka. Miaka ikaenda, hakuna simu wala salamu, na jina lake likawa halitajwi mezani. Wakabaki wawili. Na Fundi, ambaye aliogopa wezi, moto, wapangaji na wakwe, chini ya hofu zote hizo alikuwa na moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Huyu mmoja aliyebaki naye akiondoka, nyumba itabaki na nani?

Basi mnaweza kufikiria ilikuwaje siku aliyorudi kula chakula cha mchana akamkuta mkewe uani, katikati ya mashuka yanayoning'inia, anazungumza na simu kwa lugha isiyoeleweka. Mama Foronya alikuwa ameisogeza simu karibu na uso, anacheka, anaita kwa sauti nyororo, "Gordito! Mi gordito!" Kisha akatoa midomo mbele, akabusu hewa. "Besitos! Besitos!" Alipogeuka akamwona mumewe kati ya mashuka mawili, akakata simu.

"Nani huyo?" Fundi akauliza.

"Rafiki."

"Rafiki gani?"

"Rafiki tu, baba. Anaishi mbali. Nenda kanawe, chakula kinapoa."

Hapo ndipo Kiswahili chake mwenyewe kilipomwangusha. Anaishi mbali. Nani anaishi mbali, mwanamume au mwanamke? Lugha yetu hii tamu inamfunika mtu gubigubi. Unaweza kusimuliwa habari za mtu asubuhi hadi jioni, alikuja, akala, akacheka, akaniaga, na usijue kama ana ndevu au hereni. Fundi alikula bila kuonja. Akarudi kazini anarudia maneno yale kwa mdomo uliofumba, asije akayapoteza njiani: gordito, besitos, gordito, besitos.

Bahati, kama ni bahati, ilimletea mwongoza wageni. Huyu alipanga chumba ghorofa ya juu ya jengo la ofisi, mtu wa makamo mwenye ndimi nyingi, kazi yake kuwatembeza watalii na kuwaelezea kila jiwe. Upepo ulikuwa umemfungia mlango, ufunguo uko ndani. Fundi akamuuliza rangi ya pazia, akajibiwa kijani, akapanda naye. Alipopiga magoti mbele ya kitasa na waya wake mdomoni, akalitupa swali kana kwamba ni la kupitisha wakati.

"Hivi wewe mwenye lugha nyingi. Gordito ni kitu gani?"

"Hicho Kihispania, mzee wangu. Umekitoa wapi?"

"Kwa mteja."

"Mteja gani anazungumza Kihispania mtaa huu?"

"Mimi ndiye ninayeuliza," alisema Fundi.

Mwongoza wageni alipenda kufundisha kuliko kula. Akaegemea ukuta, akaanza. "Sikiliza. Sisi tunachezea kichwa cha neno. Mtoto mmoja, watoto wengi. Akiwa mdogo ni kitoto, akiwa wa kutisha ni jitoto. Mwisho wa neno hauguswi. Wahispania wao kichwa wanakiacha kilivyo, wanachezea mkia. Paka dume, gato. Paka jike, gata. Wakiwa wengi unawatia s: gatos, gatas. Akiwa mdogo, gatito. Mdogo wa kike, gatita. Wadogo wa kike kundi zima, gatitas. Na akiwa paka mkubwa wa kukimbiza mbwa, gatazo."

Fundi akatoa waya mdomoni. "Yaani nikishika mkia tu, nimemjua paka?"

"Umemjua."

"Dume au jike, mmoja au wengi, mdogo au mkubwa?"

"Yote yako mkiani."

"Loo! Hiyo ndiyo lugha. Haifichi mtu."

"Taratibu, mzee. Mikia mingine inadanganya. Mano ni mkono. Linaishia na o utadhani dume, kumbe la kike. Mapa ni ramani. Lina a, kumbe la kiume. Na mengine yanaishia na e, hapo mkia haukuambii kitu. Ufunguo wanauita llave, unatamka yave. Ni wa kike, lakini kwa kuutazama huwezi kujua."

Fundi akakunja uso. Hata maneno yana tabia hizo! "Na gordito, hadanganyi?"

"Hapana, huyo yuko wazi. Gordo ni mwanamume mnene. Gordito ni kinene, kanono kadogo. Ila ujue, ule mkia wa ito si wa udogo tu. Wanamtilia hata mtu wanayempenda."

"Kwa hiyo ni mwanamume mfupi mnene, au ni mwanamume anayependwa."

"Inategemea."

"Inategemea nini? Yote mawili mabaya!" Mwongoza wageni akacheka mpaka akashika tumbo, lakini Fundi hakucheka. Alikuwa na swali moja lililobaki. "Na besitos?"

Mwongoza wageni akakohoa. "Beso ni busu. Besito ni kabusu kadogo."

"Na hiyo s?"

"Ni tubusu twingi, mzee. Mlango wangu lakini vipi?"

Tangu siku ile Fundi Komeo akawa mwanafunzi. Mwongoza wageni alipopita kibandani, anavutwa shati, anaulizwa mikia. Mlango je? Puerta, wa kike. Lango kubwa? Portón, na hapo hapo limegeuka la kiume. Nyumba ni casa, kijumba casita, jumba casona. Fundi alikariri huku anapiga tupa. Maana ya maneno hakuisumbukia sana. Alitaka mikia tu, kwa sababu mkiani ndiko mtu anakojulikana kama ni mwanamume, na kama yuko peke yake.

Mchana alianza kurudi nyumbani kimyakimya. Anafungua mlango wake kwa mkono wa mwizi, anavua viatu, anasimama nyuma ya dirisha la jikoni na sikio lake uani. Mama Foronya kule nje hana habari, anachekea simu. Chiquito. Mwanamume, mdogo, mmoja. Zapatitos. Vitu vya kiume, vidogo, vingi. Akaenda kuuliza, akaambiwa ni viatu vidogo. Viatu vidogo! Basi mtu huyo ni mfupi hata miguu. Solito, bonito, gordito. Kila mkia uliotoka uani ulikuwa wa mwanamume na ulikuwa mdogo. Hasira ilimpanda, halafu ikageuka woga, halafu ikarudi hasira.

Sasa tazama mambo. Mtu akishataka kuona kitu, atakiona. Fundi akaanza kuwakagua wafupi wa mtaa. Kinyozi alikuwa mfupi lakini mkavu kama ubao, akamtoa. Fundi saa alikuwa mnene lakini mrefu. Akabaki mmoja, na Mungu wangu, alikuwa pua na mdomo na kibanda chake: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye watu walimwita Pipa. Mfupi, wa duara, mcheshi, mtu wa kumwita kila mwanamke shemeji. Na foronya za nyumbani kwake alishonewa na nani? Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi alijiambia. Miaka yote hii ananunua misumari kwake!

Akaenda kumpima. Alisimama mbele ya kaunta, akamkazia macho, akasema neno moja, taratibu, ili aone uso utabadilikaje. "Gordito."

Pipa hakupepesa. "Gordito imeisha, mzee. Labda mwisho wa wiki. Saizi gani ulitaka?"

"Unanichezea?"

"Nikuchezee wewe? Chukua ya plastiki, nayo ni nzuri, haishiki kutu."

Wenye maduka ndivyo walivyo, afadhali wauze hewa kuliko kusema sijui. Lakini Fundi alitoka pale kinyumenyume. Mtu anayeweza kujibu hivyo bila kupepesa, aliona, huyo ni hatari. Kuanzia siku hiyo alifuata misumari mtaa wa tatu, na Pipa akabaki anajiuliza kamkosea nini jirani yake.

Kisha likaja neno jipya. Mchana mmoja Mama Foronya aliguna uani, akasema kwa simu huku anatikisa kichwa, "Ay, cabezón, cabezón." Fundi akakimbia nalo kwa mwongoza wageni kabla halijapoa.

"Cabeza ni kichwa," alisema mwongoza wageni. "Ukimtia huo mkia wa on, ni mtu wa kichwa kikubwa. Yaani mkaidi, mbishi, asiyeambilika."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Basi wako wawili!" Fundi akapiga paja lake. "Mdogo na mkubwa! Huyu mwingine mkaidi ni nani sasa?"

Mwongoza wageni alimtazama Fundi kitambo, kuanzia utosini mpaka miguuni. Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema ana wageni wanamsubiri.

Yangeweza kuendelea hivyo, kichekesho cha mtaa, lakini siku iliyofuata mchana Fundi alisikia jambo lisilohitaji mkalimani. Alikuwa palepale nyuma ya dirisha la jikoni, soksi miguuni. Mkewe aliacha Kihispania, akashusha sauti, akasema kwa Kiswahili safi, "Nakuja. Nimeshaamua, nakuja. Huyu hapa niachie mimi, nitajua la kumwambia."

Fundi alishika ukingo wa sinki. Ndiyo hiyo sasa. Yule mmoja aliyebaki, anaondoka. Na yeye, Komeo, aliyefunga milango ya mji mzima, ni "huyu hapa."

Mama Foronya alikunja mashuka, akayafunga mzigo, akaenda kuyapeleka nyumba ya wageni. Alipokata kona, Fundi alitoa bisibisi. Alifungua kitasa, akang'oa silinda, akaweka nyingine mpya aliyokuwa akiitunza kwenye boksi lake. Mikono ilijua kazi hata kama kichwa kilikuwa kinavuma. Alifunga, akajaribu ufunguo, ukageuka laini. Funguo zilikuwa mbili. Zote mbili akazitia mfukoni mwake. Kisha akakaa ndani akisubiri, bila kujua anasubiri nini hasa. Aombwe msamaha? Aapiwe? Alichotaka ni kwamba mkewe asiweze kuingia kuchukua vitu vyake na kuondoka, na wala hakufikiri kwamba aliye nje ameshaondoka tayari.

Jua lilikuwa bado juu alipomsikia kizingitini. Ufunguo ukaingia. Ukakataa kugeuka. Ukatoka, ukapanguswa, ukaingia tena, ukakataa. Fundi alisimama nyuma ya mlango, anajaribu kubana pumzi.

"Najua uko ndani," Mama Foronya akasema kwa utulivu. "Nakusikia unapumua."

Akaugusa mlango kwa kiganja.

"Umefanya tena, baba."

"Nimefanya nini tena?" alifoka kupitia mlangoni. "Wewe ndiye unayefanya! Gordito ni nani? Niambie, gordito ni nani, na viatu vyake vidogo, na mabusu yake! Ni Pipa?"

Nje kikaja kile kicheko kirefu, lakini safari hii kilivunjika katikati. "Pipa! Ee Mungu nipe subira. Gordito ni mjukuu wako, Komeo."

Fundi aliweka mkono ukutani.

"Mjukuu wako," mkewe akarudia. Alizungumza kwa mlango uliofungwa, na majirani wanapita, wala hakujali. "Kijana wako ameoa huko alikoshukia meli. Mkwe wetu anajua Kihispania tu, na mtoto kaanza kuongea, naye anajua hicho hicho. Dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ndiye anayenifundisha, nikipeleka mashuka. Nataka siku nikimbeba mjukuu wangu niwe na maneno mawili ya kumwambia. Kosa langu ni hilo?"

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Fundi ilikuwa imeshuka.

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na mwanao. Siku ya kwanza aliyonipigia nilimlilia. Nikamwambia, mwanangu, miaka yote hii hata kurudi mara moja? Akaniambia, mama, nilirudi. Meli ilitia nanga siku moja tu, nikaja mbio mchana. Wewe hukuwapo. Nikatia ufunguo wangu, ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa."

"Mimi nabadilisha kila siku!" Fundi akasema. "Yeye anajua! Kakua anaona!"

"Anajua. Alifikiri tu kwamba maadamu mwanao yuko safarini na ufunguo wake, utaacha kubadilisha." Akaongeza, "Tena alisikia mtu ndani. Alikusikia unakohoa nyuma ya mlango, baba. Alikungoja umfungulie. Hukumfungulia."

Hapo Fundi akaikumbuka siku ile, yote, kana kwamba ni jana. Alikuwa na homa, amebaki nyumbani. Alisikia ufunguo unachokonoa kitasa saa ambayo mkewe yuko sokoni. Akainuka na nyundo, akasimama papo hapo aliposimama sasa, anabana kikohozi. Aliyekuwa nje alijaribu, akapumzika, akajaribu. Halafu nyayo zikaenda zake. Na Fundi alifurahi! Alijisifu kwa wateja mwaka mzima: mwizi amekuja na ufunguo wake kabisa, kitasa changu kimemshinda, kaondoka kichwa chini. Watu walivutiwa, wakaja kununua kitasa cha aina hiyo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Fundi Komeo walifika wote wawili mchana mmoja. Alitafuta ufunguo mfukoni, akauangusha, akauokota, akashindwa kuupata mdomo wa kitasa alichokifunga kwa mkono wake. Mlango ulipofunguka, mkewe alikuwa amesimama na uso mkavu, jasho shingoni. Hakumpiga, hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimpita kama mtu anayempita mgeni kwenye korido, akaenda chumbani, akashusha begi juu ya kabati.

"Ulikuwa unakwenda bila kuniambia," Fundi alisema mlangoni pa chumba.

"Nilikuwa nikwambie leo, ukirudi kutoka kazini. Nimembembeleza mwanao mpaka sauti ikakauka. Juzi kalegea, akasema, haya mama, muulize kama atakuja nawe. Nilifurahi, leo nimeimba njia nzima." Alikuwa anakunja nguo bila kumtazama. "Nimefika kwangu, ufunguo umekataa. Nikasimama pale aliposimama yeye. Sasa najua alivyojisikia. Nilikuwa najua kwa kusikia, sasa najua kwa mkono wangu."

"Nisamehe, mke wangu."

"Mimi si wa kwanza kwenye foleni," alisema Mama Foronya. Akachukua simu yake, akabonyeza, akampa. "Zungumza naye mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa mkalimani wa watu wanaojua Kiswahili."

Simu ilijaa uso wa mtoto. Mashavu mawili, meno machache, macho ya Fundi mwenyewe. Mtoto alimwona mzee asiyemjua, akamwonyesha kitu mkononi, akaanza kumimina maneno. Fundi aliinamia simu kwa nguvu zake zote. Alisikia o, akasikia ito, akasikia s. Alijua mtoto anataja kitu cha kiume, kidogo, halafu vingine vingi. Kitu chenyewe hakukijua. Mikia aliidaka yote, vichwa vikampita. Mtoto akasubiri jibu, akaona mzee anatazama tu na machozi yanamshuka, akapoteza hamu, akaondoka kwenye simu.

Mahali pake ukaja uso wa mwanamume mwenye ndevu. Fundi alichelewa kidogo kumtambua.

"Shikamoo, baba," alisema mwanamume yule.

"Marahaba." Fundi aliisogeza simu karibu. Alikuwa na mengi ya kusema, kwamba alikuwa na homa, kwamba alidhani ni mwizi, kwamba angejua angeng'oa mlango kwa meno. Lakini kilichotoka kilikuwa kile kile cha siku zote, swali la mtu anayetafuta kosa liko kwa nani. "Kwa nini hukupiga hodi?"

Kijana hakukasirika.

"Nilikuwa na ufunguo, baba," akasema. "Nani anapiga hodi kwao?"

Fundi alibaki amesimama na simu mkononi, na nyuma yake mkewe aliendelea kupanga nguo zake kwenye begi, moja baada ya nyingine, wala hakumwambia apange na zake.